Kashfa ya ishara: shabiki wa Ohio State na shabiki wa Michigan

Oktoba 2023 ilifichuka kwamba mtumishi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa akinunua tiketi za mechi za wapinzani na kupanga watu wa kurekodi ishara ambazo makocha wao huwapa wachezaji kuwaambia mbinu inayofuata.

Kwa shabiki wa Ohio State, chuo hasimu wa Michigan, hiyo ilikuwa dawa ya kidonda. Timu yake ilishinda mara nane mfululizo dhidi ya Michigan, 2012 hadi 2019, kisha ikapigwa 2021 na 2022. Kumbe! Wezi hao, ushindi wao ufutwe.

Shabiki wa Michigan alijibu kuwa kusoma ishara za mpinzani mechi ikiendelea si kosa, na kila timu hufanya. Hapo ana hoja, ila anakiruka kiini: kanuni ya 1994 inakataza kwenda uwanjani kumpeleleza mpinzani utakayekutana naye baadaye. Karata yake nzito ni nyingine. Novemba 25, mtumishi yule ameshajiuzulu na kocha Jim Harbaugh anatumikia adhabu ya mechi tatu, Michigan iliichapa Ohio State 30–24. Januari 2024 ikatwaa ubingwa wa taifa.

Kwa maoni yangu, Ohio State wana haki kuhusu kanuni, Michigan kuhusu mpira wenyewe. Ishara hazikabi mtu. Hukumu ya Agosti 2025 ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliwaudhi wote: faini ya mamilioni ya dola, lakini hakuna ushindi hata mmoja uliofutwa.