Mbegu chotara ya mtama na nyasi ya Sudan: msimu mmoja shambani Lubumbashi

Mwezi wa 11 mwaka jana, mvua zilipokwisha kukolea, nilinunua kilo 8 za mbegu chotara ya mtama na nyasi ya Sudan katika duka moja la pembejeo hapa Lubumbashi, nikazipanda kwenye robo hekta ya shamba letu la upande wa Kipushi, kwa ajili ya ng'ombe 5 wa maziwa na mbuzi wachache. Kilichonisukuma ni mwezi wa 8. Yeyote anayefuga huku Haut-Katanga anaujua mwezi huo: nyasi za porini zimekwisha kuungua, mabua ya mahindi yamekauka kama kuni, na maziwa yanapungua kila wiki.

Mbegu yenyewe naisifu. Niliifukia sentimita 2 hadi 3 katika mistari iliyoachana sentimita 30, na siku ya 6 kijani kilikuwa kimekwisha kuonekana juu ya udongo mwekundu. Baada ya siku 52 majani yalinipita kichwa, nikayakata kwa panga nikiacha visiki vya sentimita 15, kwa kuwa mmea huu huchipua upya kutoka humo. Anayekata hadi usawa wa ardhi asilaumu mbegu. Mkato wa pili ulipatikana wiki 6 baadaye, na kwa maoni yangu ulikuwa bora kuliko wa kwanza, maana mabua yalikuwa membamba na ng'ombe hawakubagua kitu. Wa tatu, mwezi wa 4, ulikuwa wa kujiliwaza tu, kwa sababu mvua zilikuwa zimekatika. Na baridi ya mwezi wa 6 ilipoingia mmea ulidumaa kabisa, kwani asili yake ni joto. Anayetaka jani la kudumu miaka kadhaa apande matete.

Lawama zangu ni kwa duka. Mbegu ilipimwa kutoka gunia lililokwisha kufunguliwa, ikatiwa katika mfuko wa plastiki usio na andiko lolote, si tarehe wala kiwango cha uotaji. Nilipouliza kama kuna tahadhari katika kulisha, muuzaji alinijibu, «Papa, hapana kuogopa, ngombe itakula tu.» Jibu hilo lilinigharimu. Machipukizi machanga ya mtama na jamaa zake yana kemikali ambayo, jani linapotafunwa, hutoa sumu ya sianidi, nayo huzuia mwili usiitumie hewa iliyomo katika damu. Kwa hiyo mnyama hapaswi kuingizwa kabla majani hayajafika sentimita 60, wala wakati mmea unapochipua baada ya ukame. Wiki 2 baada ya mkato wa kwanza, mbuzi wetu mmoja jike alikata kamba akaingia kwenye machipukizi yasiyofika gotini. Tulimkuta amelala ubavu, akihema mbiombio, ufizi wake mwekundu kupita kiasi, na kabla daktari wa mifugo hajapokea simu alikuwa amekwisha kufa. (Wenye farasi, ambao mjini hapa ni wachache, wasiwalishe jani hili kabisa, kwani huwadhuru kibofu.)

Sianidi hupungua sana majani yakikaushwa vizuri, ila kukausha mabua mazito namna hii katikati ya mvua ni kuyaozesha. Kwa hiyo mkato wa pili wote niliukatakata vipande vifupi, nikaushindilia katika shimo lililotandikwa plastiki ili uchachuke badala ya kuoza, watoto wakikanyaga na pipa la maji likiviringishwa juu, kisha nikaufunika na kupiga udongo. Nitrati, sumu nyingine ya jani hili, ni jambo jingine: haiondoki kwa kukausha, na huongezeka mmea ukilishwa mbolea ya urea nyingi kisha ukapigwa na ukame, hivyo urea yangu niliitia kidogo, baada ya kila mkato, udongo ukiwa umelowa.

Shimo nililifungua mwanzoni mwa mwezi wa 8. Harufu ilikuwa ya uchachu mtamu, rangi ya kahawia hafifu, isipokuwa kona moja ambako plastiki ilitoboka na ukungu ukaingia, hiyo niliitupa. Maziwa hayakupanda, lakini hayakushuka. Mbegu ya mavuno yangu sitaipanda, kwa kuwa chotara haizai sawa na mama yake, hivyo nimeagiza kilo 12 katika duka jingine, kwa sharti kwamba gunia lifunguliwe mbele yangu na kibandiko chake nikisome kabla ya kulipa.