Gitaa la nyuzi za nailoni baada ya miezi tisa: uzoefu wangu, Lubumbashi

Nilianza kujifunza gitaa nikiwa na miaka 39. Nafundisha darasa la tatu, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia yetu hapa Katuba, na nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu: kupiga kwa vidole viwili kama wazee wa Katanga. Dole gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake, na ukisikiliza ukiwa chumba cha pili unaapa kwamba wapigaji ni wawili. Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Baba yangu alikuwa na santuri za muziki huo. Nimekua nazo.

Nasema haya kwanza kwa sababu nilipoenda kununua nilikuwa nayajua, na bado nilinunua vibaya.

Gitaa la kwanza nililitoa dukani katikati ya mji kwa dola 75. Jeusi, linang'aa, nyuzi za chuma. Kijana wa duka alinigongea akodi tatu, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, haraka haraka, akaniambia: “Mama, ii njo ya muzuri, vidole itazoea.” Vidole havikuzoea. Wiki ya tatu ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa zimefanya mistari myekundu, na ile akodi ya fa, ambayo kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote sita, haikutoka hata siku moja. Nilikuwa nasahihisha madaftari huku kalamu inaniuma, na natumia mkono huo huo. Nikalipandisha juu ya kabati. Likakaa miezi minne, na mimi nikaamini kwamba kipaji sina.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa kwaya yetu, anayepiga gitaa tangu ujana wake. Alikuja nyumbani kwa mambo ya msiba, akaliona, akaomba kulishika. Hakupiga kitu. Alihesabu vichuma vya shingo, vile vilivyolala kwa upana chini ya nyuzi, mpaka cha 12, pale uzi unapofika nusu ya safari yake, kisha akaniomba kadi yangu ya benki na zozote nyingine zilizokuwepo ndani. Kadi ya aina hiyo ina unene wa kama milimita 0.76. Akaanza kuzipanga chini ya uzi mnene, moja juu ya nyingine. Zikaingia sita, na nafasi ikabaki. Uzi wa chuma ukae milimita karibu tano juu ya shingo, na wewe uubonyeze mpaka chini mara mia kwa jioni moja! “Mama mwalimu,” akasema, “hauko muvivu. Gitaa njo ilikuwa inakupiganisha.”

Maneno hayo yalinirudisha kwenye muziki. Safari hii sikukimbilia duka, nilitumia karibu miezi miwili kushika vyombo vya watu.

Binamu yangu alinikopesha ukulele. Kwa mtoto, au kwa mtu anayetaka kusindikiza nyimbo na basi, ningesema achukue leo: nyuzi nne laini, sol do mi la, na akodi ya do ni kidole kimoja. Ila ule uzi wa sol, wa kwanza kutoka juu, kwa kawaida ni mwembamba na sauti yake iko juu kuliko ya do inayoufuata. Dole gumba langu likakosa besi ya kutembeza, na besi ndiyo iliyonileta. Violini ya kwaya nayo niliishika Jumamosi mbili. Shingo yake haina vichuma, kila noti unaitafuta kwa sikio, na kuimba huku kidevu kimebana mbao mimi sikuweza. Gitaa la umeme lina nyuzi rahisi kwa vidole, hilo ni kweli, lakini nafasi yangu ya kujifunza ni saa mbili usiku, na saa mbili usiku mtaani kwetu umeme ni wa kuombea.

Nikabaki na gitaa la nyuzi za nailoni, hili linaloitwa la klasiki. Nililipata kwa mtu aliyekuwa anahama, dola 60, rangi ya mbao tupu, lina mikwaruzo mgongoni. Nilienda na kadi zangu. Zikaingia tano, ambazo kwa nailoni ni sawa, maana mvuto wa nyuzi zake sita zote pamoja ni kama kilo 40, wakati za chuma zinafika 70 na zaidi. Nikabonyeza kila uzi kwenye kila kichuma, kimoja kimoja, nikisikiliza kama kuna unaolia zzz. Nikajaribu pia kichuma cha 12 kwa programu ya simu: noti inayotoka pale lazima iwe ile ile ya uzi usiobonyezwa, ila oktava moja juu, yaani noti yenye jina lile lile kwa sauti nyembamba zaidi. Ikiwa imekwenda pembeni, rudisha gitaa hata kama ni zuri namna gani, kwa sababu utajifunza kuimba vibaya.

Miezi tisa sasa. Akodi ya fa ilitoka mwezi wa pili. Leo besi inatembea yenyewe kwenye do, fa na sol, naimba juu yake bila kutazama mkono, na siku iliponitokea mara ya kwanza niliacha sufuria ya bugali jikoni ikaungua.

Lina kasoro zake. Shingo ni pana, milimita 52 pale juu, na kwa mkono mdogo kama wangu kiganja kilichoka wiki za mwanzo. Mwenye mkono mdogo zaidi atafute saizi ya robo tatu. Nyuzi mpya za nailoni zinavutika siku kadhaa: unalinganisha mi la re sol si mi, unakunywa chai, unarudi zimeshuka. Sauti yake ni ya upole, ule ukali wa santuri za baba hauna. Na mtu asije akakushawishi uweke nyuzi za chuma juu yake ili uupate, mvuto ule unang'oa kibao kinachozishika.

Kiangazi chetu, kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa, ni kikavu, na mbao haipendi hivyo. Mimi naweka kipande cha sponji chenye unyevu, kimekamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, kinakaa kwenye mfuko pamoja na gitaa. Mpaka sasa halina ufa.

Lile jeusi sijalitupa. Liko kwa fundi mbao, ambaye yule mzee amemwelekeza cha kufanya. Anapunguza kwa chini kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi: ili uzi ushuke milimita 1 pale kwenye kichuma cha 12, kijiti kinakatwa 2, kwa hiyo hapa ni kama 3 zitoke. Amesema nilifuate Alhamisi. Nitaenda na kadi nne.