UPS ya nyumbani: uliza milisekunde kabla ya kuuliza dakika

Malalamiko ya UPS, yaani kile kifaa chenye betri kinacholisha kompyuta umeme wa ukutani ukikatika, ninayoandikiwa na wasomaji yanafanana mno. Kifaa ni kipya, betri imejaa, taa ya kijani inawaka, lakini umeme ukicheza kidogo tu kompyuta inazima na kuanza kuwaka upya. Monita haijazima, UPS yenyewe inapiga kelele pembeni, na kazi ya asubuhi nzima imepotea. Mwenye mali anarudi dukani, anauziwa kubwa zaidi, na mambo yanabaki vilevile.

Chanzo ni lile swali ambalo kila mnunuzi huanza nalo: "Inakaa dakika ngapi?" Umeme ukikatika sekunde mbili, dakika zina kazi gani? Kinachoamua ni ule muda mdogo kabisa kati ya umeme kukatika na betri kushika, na baada ya hapo, umbo la umeme unaotoka kwenye betri. Haya mawili sijaona muuzaji akiyataja bila kuulizwa.

Pawa saplai ya kompyuta ya mezani, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani, ina kapasita zinazohifadhi umeme kidogo. Mwongozo wa Intel wa pawa saplai, uitwao ATX, kwa miaka mingi umetaka ivumilie milisekunde (elfu moja za sekunde) 16 au 17 hivi bila umeme wa ukutani. Kwenye umeme wa hezi 50, wimbi moja zima huchukua milisekunde 20, kwa hiyo uvumilivu wote huo haufiki hata wimbi moja. Pawa saplai za bei ya chini mara nyingi hazifiki hapo, na kapasita zikizeeka muda unapungua zaidi. Pawa saplai ikiona inaishiwa, inaondoa ile ishara inayoiambia bodi kuu kwamba umeme uko sawa, na kompyuta inazima palepale. Windows au Linux inaweza kuokoa mpangilio wa diski ikiwaka tena, lakini ukurasa ambao hukuuhifadhi umekwenda.

UPS nyingi za nyumbani huhamia kwenye betri kwa milisekunde 4 hadi 10. Nne ni salama. Kumi, kwa pawa saplai dhaifu iliyo katikati ya gemu zito, ni bahati nasibu.

Sasa umbo la umeme, ambalo ndilo linaloniudhi zaidi. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka kwa mviringo laini. UPS za bei ya kawaida hutoa wimbi la ngazi: linaruka juu ghafla, linakaa, linaanguka hadi sifuri, linatulia hapo kidogo, kisha linaruka upande wa pili. Pawa saplai za kisasa zenye alama ya 80 Plus, ile ya kutopoteza umeme mwingi, karibu zote zina sakiti ya PFC inayofuata umbo la wimbi wakati wa kuvuta umeme. Ikipewa ngazi, nyingine huvumilia, nyingine hutoa mlio, na nyingine huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla hadi UPS inahisi imezidiwa na kukata kila kitu. Yaani kadiri pawa saplai yako ilivyo bora, ndivyo UPS hiyo inavyoweza kukuangusha. Kwenye boksi tafuta maneno "pure sine wave". Ukikuta "simulated" au "stepped approximation", hiyo ni ya ngazi.

Chaguo langu la kwanza ni APC Smart-UPS ya familia ya SMT, na sioni haya kusema naipenda. Wimbi lake ni laini, na betri hubadilishwa kutoka mbele: unavua kifuniko, unachomoa kiunganishi, unavuta betri nje, huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. SMT750 ina VA 750 (volti mara ampea) na wati 500, ambazo ndizo nguvu halisi inayotumika, inatosha kompyuta ya kazi na monita yake. Ni nzito na ni ghali. Usiache betri ipitilize umri wake, maana betri za risasi zikichoka huvimba na kukwama ndani.

Ya pili ni CyberPower ya familia ya PFC Sinewave. Wimbi laini pia, skrini yake inaonyesha wati unazotumia, na ni nafuu kuliko Smart-UPS. Asiyefikia ile ya kwanza achukue hii bila wasiwasi. Ya tatu ni Eaton 5SC, nayo ni nzuri, ila sina la kuongeza.

UPS za online, zile zinazotengeneza umeme wake zenyewe muda wote hata umeme ukiwepo, hazina muda wa kuhama hata kidogo, lakini feni haitulii na joto halikomi. Chumbani sizitaki. Mwenye laptopu hahitaji hata moja kati ya hizi. Anunue UPS ndogo ya ruta.

Za bei ya chini, zile za VA 650 zenye wimbi la ngazi, zinafaa kwa ruta, monita na kompyuta ndogo isiyovuta umeme mwingi. Basi.

Wauzaji nao wametuchosha. Wanaandika VA kwa herufi kubwa na kuficha wati, ilhali VA 650 yaweza kuwa wati 325 tu. Wanakujaribia kwa balbu: wanachomoa plagi, balbu haizimi, "umeona?" Balbu haijui milisekunde kumi! Jaribio la kweli ni kompyuta yako mwenyewe, faili zote zimehifadhiwa, gemu au video nzito inaendeshwa, kisha uzime swichi ya ukutani bila kuchomoa plagi, ili waya wa ethi ubaki. Rudia mara kadhaa mfululizo, maana ndivyo umeme unavyokatika.

Tena kuna betri zilizolala stoo. Betri ya risasi isipochajiwa muda mrefu huharibika ikiwa bado ndani ya boksi, na wewe unalipia bei ya mpya. Dai tarehe ya kutengenezwa kabla ya kutoa pesa, na uandikiwe kwenye risiti kwamba utairudisha UPS endapo kompyuta itazima kwenye jaribio.