ACI au IATA, nani anaibeba KIA, kiwanja chetu cha ndege cha Kilimanjaro, mambo yakiharibika?

Kijiweni hapa Moshi watu huwa wanachanganya hivi vyama viwili, nami siwalaumu, vyote makao yake makuu yapo Montreal kule Canada na vyote vinaongelea ndege. Ila IATA ni ya mashirika ya ndege, ipo tangu 1945, ACI ni ya viwanja vyenyewe, imeanza 1991.

Sasa kumbuka korona 2020. Ndege zimekata, ila kiwanja hakifungi duka hivi hivi, zimamoto lazima wawepo, taa za ranwei ziwake, umeme ulipwe. IATA ilipambania mashirika yapate unafuu wa serikali na tozo za viwanja zisipande, ambapo ukifikiria vizuri tozo ndo mshahara wa kiwanja, kwahiyo mwenzako anaokolewa kwa mfuko wako jamani! ACI yenyewe ikawa inaomba viwanja navyo vipewe nafuu, halafu Julai 2020 ikaanzisha mpango wa kukagua usalama wa kiafya viwanjani, usafi, foleni, barakoa, kiwanja kikifaulu kilikuwa kinapewa cheti. Kwa watu wa utalii Arusha hiyo ndo lugha mgeni anaielewa.

Pesa taslimu ACI haigawi, tusidanganyane. Ila kwa kiwanja mi naenda na ACI. IATA nayo siibezi, maana bila mashirika kurudi KIA inabaki lami na mandhari ya Kilimanjaro tu.