Nililipa 35,000 nisomewe siri yangu kwenye kipaza sauti

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Juzijuzi nilienda semina ya "kuacha kujihujumu", ukumbi upo Area D hapa Dodoma. Chai ilikuwepo, chapati zilikuwa za baridi. Hilo tuliache.

Tukapewa vikaratasi. Andika jambo moja unalojikwamishia mwenyewe, usiweke jina, hakuna atakayesoma. Nikaandika ukweli. Tuko wanawake watano, mafundi cherehani. Ile mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sisi wanawake tumetengewa 4, ilirudi 2024 baada ya kusimamishwa. Katibu ni mimi. Maombi hayajatumwa tangu masika, na wenzangu kila siku nawaambia "mfumo unasumbua". Mfumo hausumbui. Naogopa kukataliwa.

Mkufunzi akakusanya vikaratasi, akachomoa kimoja, akakisoma kwenye kipaza sauti. Changu. "Huyu katibu yumo humu? Dada, wenzako unawaua njaa!" Ukumbi mzima kicheko. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, tena kwa sauti, "Kikundi cha wapi hicho?" Jamani, mafundi wa Majengo tunajuana mpaka mshono! Nikainamia chapati yangu kama naihesabu.

Mapumziko nikamfuata. "Samahani kaka, si ulisema hamtasoma?" Macho hayakutoka kwenye simu. "Dada, kuumia ndiyo kupona. Mbona unatafuta sababu?" Hata pole hakunipa. Pole inauzwa?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba somo lenyewe lilikuwa zuri. Alitueleza jaribio la Berglas na Jones, Marekani, 1978. Wanafunzi walipewa maswali, wakasifiwa kwamba wamefanya vizuri, kumbe mengine hayakuwa na jibu kabisa, walibahatisha tu. Kabla ya mtihani wa pili wakachagulishwa dawa: moja eti inasaidia akili, nyingine eti inaidumaza. Waliosifiwa bila kujua walifauluje, hasa wanaume, walielekea ile ya kudumaza. Wakifeli, kosa ni la dawa. Hapo nikajiona mimi na "mfumo" wangu. Maana nguo za shule nilizowahi kushona zikasifiwa, mpaka leo sijui zilisifiwa kwa nini, na naogopa kuulizwa tena.

Akafundisha pia kufunga kazi ngumu kwenye jambo ambalo tayari unalifanya: nikishamaliza hiki, naanza kile, pale pale. Yangu ilikuwa: nikishafunika cherehani jioni, kabla sijavua tepu shingoni, nafungua maombi. Siku ya kwanza nilivua tepu haraka haraka, nikaenda kununua nyanya ambazo sikuzihitaji. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikakaa nayo shingoni mpaka saa nne usiku, mume wangu akauliza kama nalala na kazi.

Nilitaka kutoa nyota moja. Somo ni nyota nne, sikatai. Lakini mtu anayefundisha watu kutojificha halafu anawaanika? Basi mbili. Ukienda, kikaratasi andika uongo. Au usiende, mwulize aliyekwenda akuhadithie bure.

Maombi nimeshatuma. Wenzangu niliwaambia kwamba mfumo ulikuwa mzima siku zote. Mmoja hajanisemesha tangu hapo. Yule mkufunzi nilimwandikia ujumbe nikidai 35,000 yangu, ameusoma, kimya. Kesho nikishafunika cherehani, namfuata hapo hapo Area D, na tepu yangu shingoni.