Kanda za MiniDV kwenda kwa kompyuta: kidude cha USB au FireWire?

Kama kanda zako ni za MiniDV, zile ndogo za kamera za video, usinunue kile kidude cha USB chenye waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Tafuta kadi ya FireWire, ile inayowekwa ndani ya kompyuta ili kamera iunganishwe nayo kwa waya wa dijitali. Nimejaribu zote mbili kwa kanda zilezile, na tofauti anaiona hata mtu ambaye mambo ya video hayamhusu.

Kwetu kuna kanda za aina mbili. Kuna Video8 za marehemu mzee, za miaka ya tisini mwanzoni, nyingi ni harusi na ubatizo. Halafu kuna MiniDV kutoka kwa Sony Handycam ambayo dada yangu aliletewa 2003. Humo ndimo kuna ruracio yake (sherehe ya mahari), sherehe za shule, na karibu kila Krismasi tuliyoenda ushago. Kamera zote mbili bado zinawaka, na hilo ndilo la kwanza kuangalia kabla hujatumia hata shilingi, kwa sababu kamera za kanda hazitengenezwi tena na fundi anayezijua vizuri River Road, hapa Nairobi, siku hizi ni wa kutafutwa kwa tochi.

Kidude nilikinunua Luthuli Avenue kwa chini ya shilingi 2,000. Boksi lenyewe halina jina la kampuni yoyote ninayoijua. Muuzaji alinihakikishia: "Boss, hii unachomeka tu, inafanya." Kwa Video8 alisema kweli. Zile kanda ni za analogi, na kamera ya mzee haina pengine pa kutolea picha isipokuwa kwa waya wa njano, kwa hivyo lazima kitu fulani kiigeuze kuwa faili. Nilirekodi kwa OBS Studio, programu ya bure. Kwenye mipangilio chagua PAL, ndio mfumo wa picha za TV uliotumika hapa Kenya. Ukiacha NTSC, mfumo wa Marekani, picha inaweza kuja bila rangi au ikawa inarukaruka, na utadhani kanda imeharibika. Kwa kazi hiyo nakipa kidude alama nzuri tu. Picha zile hazikuwa kali hata siku zilipopigwa.

Kwa MiniDV ndipo kilipochemsha. Sauti inaachana na picha polepole. Mwanzo wa kanda kila kitu kiko sawa, lakini ikifika nusu saa shangazi anapiga vigelegele kabla hajafungua mdomo. Mama alitazama kidogo akaniuliza mbona watu wa kwetu wanaongea kama wale wa soap za Kimeksiko za jioni. Rangi nazo zilivuja. Magauni mekundu ya akina mama yalitoka nje ya mipaka yake, hadi huoni shingo inaanzia wapi.

Sababu yake inaeleweka. MiniDV ilianza 1995, na kilichoandikwa kwenye ile kanda ndogo tayari ni dijitali. Ukiipitisha kwa waya wa njano, kamera inaigeuza kuwa analogi, halafu kidude kinaigeuza dijitali tena, na juu ya hayo kinaibana ili faili iwe ndogo. Kila hatua inakula kitu. FireWire haifanyi hivyo. Inachukua data iliyo kwenye kanda na kuiweka kwenye diski jinsi ilivyo, na kamera ikishasoma kanda vizuri, faili unayopata ndiyo kanda yenyewe. Kwenye Sony tundu lake limeandikwa i.LINK au DV, dogo sana, mara nyingi limefichwa chini ya kifuniko cha mpira. Usidanganyike na tundu la USB lililo karibu nalo. Kwenye kamera nyingi za miaka ile hilo lilikuwa la kutoa picha za mnato kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera, au kupitisha video ya ubora wa chini.

Kilichonifurahisha zaidi sikukitarajia. Kamera za MiniDV zilikuwa zinaandika tarehe na saa ndani ya data, hata kama hukuiona kwenye skrini. Nilitumia WinDV, programu ndogo ya zamani ya Windows, na inaweza kukata faili mpya kila mahali ambapo mpiga picha alizima na kuwasha kamera, kisha inaipa faili jina la tarehe na saa ya kurekodiwa. Nilifungua folda nikakuta ruracio imejipanga yenyewe kuanzia asubuhi, wageni wakisubirishwa langoni, mpaka wazee wanapotoka kwenye kikao. Mjomba wangu mmoja ambaye miaka yote hii anaapa kwamba alifika mapema ameonekana kwa mara ya kwanza saa tisa na dakika kumi. Kwa kidude cha USB ungepata faili moja ndefu isiyojua lolote.

Sasa ugumu. Kompyuta mpya hazina FireWire, na Apple nao wameiondoa kabisa kwenye macOS Tahoe ya 2025. Njia niliyoona rahisi hapa mjini ni kompyuta ya mezani ya ex-UK (iliyotumika Uingereza), ya zamani kidogo, yenye nafasi ya PCIe, halafu unachomeka kadi. Kadi yenyewe ilinichukua muda kuipata. Maduka mengi ya Moi Avenue walinitazama kama nimeulizia mkaa wa reli, na mmoja alijaribu kuniuzia waya wa USB wenye kichwa cha FireWire. Waya wa aina hiyo haufanyi kazi na MiniDV, usiuguse. Niliipata kwa jamaa anayeuza vipuri vilivyotumika, kwa karibu 3,000 pamoja na waya. Uliza yenye chipu ya Texas Instruments, hizo hazisumbui sana na kamera. Waya uwe na pini 4 upande wa kamera na 6 upande wa kadi. Kwenye Windows 10 nililazimika kubadilisha draiva ya kadi kuwa ile inayoitwa Legacy, kisha kamera ikaonekana.

Kazi hii haiharakishwi. Kanda ya saa moja inachukua saa moja, na inakula takriban gigabaiti 13. Usifute hizo faili kubwa baada ya kutengeneza ndogo za kutuma kwa WhatsApp. Ndogo ni za watu, kubwa ni za kuhifadhi, na afadhali ziwe kwenye diski mbili. Kamera ichomekwe kwa stima, usitegemee betri ya miaka ishirini.

Kabla ya kucheza kanda iliyokaa sana, ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe yote. Zangu kadhaa zilitoa viraka vya mraba kwenye skrini, sauti ikikatika, na baada ya kupitisha kanda ya kusafishia kichwa cha kamera kwa sekunde chache viraka viliisha. Moja ilikataa katakata. Hiyo nimeiweka kando, siilazimishi.

Kama huna nguvu za kutafuta kadi, kuna maduka mjini yanayofanya kazi hii kwa malipo ya kila kanda. Kabla hujaacha kanda zako, muulize fundi akuonyeshe waya anaotumia kwa MiniDV. Akishika wa njano, mshukuru na uondoke nazo.