Chupa ya kioo yenye shingo pana: tathmini baada ya miezi minne ya kumlisha mwanangu

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84 yenye malipo, na akirudi kazini inamruhusu kutumia hadi saa 2 kwa siku kumnyonyesha mwanawe. Anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta anajua kwamba saa 2 hizo zinaweza kuishia zote barabarani. Kwa hiyo siku ya 85 ilinikuta na pampu ya kukamulia maziwa, deli dogo la barafu, na haja ya chupa ambayo mama mkwe wangu angeweza kuitumia kumpa mjukuu wake maziwa bila kumpalia na bila kumtia maradhi ya tumbo.

Chupa ninayoitathmini hapa ni ya kioo kinachostahimili joto, ya mililita 120, yenye shingo pana na chuchu ya silikoni ya mtiririko mdogo kabisa. Nilinunua tatu Kariakoo, kila moja kwa shilingi 26,000. Nimezitumia miezi minne, mara tatu kwa siku za kazi, kwa maziwa yangu mwenyewe. Usiku na siku za mapumziko mwanangu amekuwa akinyonya kama kawaida.

Kabla ya hizo nilikuwa na chupa ya plastiki ya shilingi 6,000, nyembamba, iliyopindwa katikati ili mtoto aweze kuishika. Siku ya pili ya kuitumia niliwahi kurudi nyumbani, nikamkuta mama mkwe ameketi mkekani, mtoto amelala chali mapajani mwake, na chupa imesimama wima juu ya kinywa. Maziwa yalikuwa yakimchuruzika pembeni mwa mdomo mpaka kwenye mikunjo ya shingo, vidole vya mikono yote miwili vimetanuka, nyusi zimepanda, na kila baada ya kumeza mara tatu au nne alitoa kisauti cha kukwama.

“Ona anavyomeza, Mama Neema, mtoto alikuwa na njaa kweli huyu,” akaniambia kwa furaha.

“Ni kweli mama, lakini naomba tumpumzishe kidogo, naona yanamjia kwa wingi,” nilimjibu.

Haikupita muda mtoto akacheua karibu yote kwenye kanga ya bibi yake. Simlaumu mama mkwe hata kidogo, kwa sababu yeyote angeisoma hali ile kama njaa. Ukweli ni kwamba chupa ikiinuliwa wima maziwa hushuka yenyewe, mtoto anyonye asinyonye, naye analazimika kumeza haraka ili apate nafasi ya kuvuta pumzi. Vidole vilivyotanuka na maziwa yanayomwagika mdomoni ni namna yake ya kusema yamemzidi, maana hana nyingine.

Ndiyo maana kwenye chupa yoyote mimi hutazama kwanza chuchu, kisha ndipo nitazame jina lililoandikwa kwenye boksi. Kipimo ni rahisi: jaza maji, pindua chupa, usiibane, uhesabu. Chuchu ya chupa hii ya kioo hutoa tone moja moja, karibu tone moja kwa sekunde. Ile ya zamani ilitoa mchirizi usiokatika. Wapo wanaopanua tundu la chuchu kwa sindano iliyopashwa moto ili mtoto amalize upesi, na nawasihi kwa moyo wote waache, kwa kuwa tundu hilo halina kipimo tena, na kipande cha silikoni kilichochanika kinaweza kung'oka kikaingia kooni.

Hata chuchu nzuri inahitaji mkono unaojua kuitumia. Tulimzoesha mtoto kukaa karibu wima, kichwa kikiegemea mkono wa anayemlisha, na chupa ikilazwa karibu sambamba na sakafu, ili maziwa yamfikie pale tu anapoyavuta. Chuchu huguswa kwenye mdomo wa juu, halafu mlishaji anasubiri mtoto afungue kinywa mwenyewe, wala hamsukumii. Baada ya kunyonya kidogo, kitako cha chupa kinashushwa apumzike, kisha kinainuliwa tena. Katikati ya mlo anawekwa begani abeue. Mlo ambao zamani ulikwisha kwa dakika 5 sasa unachukua kati ya 15 na 20, na kucheua kumepungua mno. Akigeuza uso, amemaliza, hata kama mililita 20 zimebaki. Mama mkwe alipata shida kulikubali hilo, kwa sababu kila tone aliliona kama jasho langu, lakini sasa yeye ndiye anayemkumbusha dada wa kazi asimlazimishe mtoto. Tulikubaliana pia kwamba chupa haiegemezwi kwenye mto mtoto akaachwa peke yake, hata kwa muda wa kugeuza sufuria jikoni, kwa kuwa anaweza kupaliwa bila mtu kusikia.

Kasoro moja ya chuchu hii tuliifahamu wiki ya pili. Ina kitundu kidogo ukingoni cha kuingizia hewa, na pete ya chupa ikikazwa sana kitundu hicho huziba, chuchu inabonyea ndani, na mtoto anavuta hewa tupu huku akilia kwa hasira. Ukilegeza pete kidogo, viputo vinaanza kupanda ndani ya maziwa na mtoto anatulia. Karatasi iliyokuja na chupa haikusema neno juu ya jambo hili, nayo ilipaswa kulisema.

Katika usafi, shingo pana ndiyo iliyonifanya nisijutie bei. Mkono wangu hauingii, lakini brashi inafika kila mahali, na kwa kuwa ni kioo naona kwa macho utando wa mafuta ya maziwa ukibaki chini. Ile chupa iliyopinda ilikuwa na kona ambayo brashi haikuifikia. Niliipasua kwa kisu siku niliyoitupa, nikakuta mle konani ukoko wa manjano unaonuka, na nilikuwa nimeichemsha kila siku. Kuchemsha hakuondoi uchafu ulioganda. Sisi huosha kwanza kwa maji ya moto na sabuni, chuchu ikigeuzwa nje ndani, kisha vyombo vyote vinazamishwa kwenye sufuria bila kuacha kiputo cha hewa na kuchemka kwa dakika 5, halafu vinakauka vyenyewe juu ya kitambaa safi.

Kioo kina faida nyingine kwa wanaolazimika kutumia maziwa ya kopo. Unga huo hauuzwi ukiwa hauna vijidudu, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza uchanganywe na maji yaliyochemshwa ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, yaani yasiyopoa kwa zaidi ya dakika 30, kisha maziwa yapozwe upesi kabla ya kumpa mtoto na yatumike ndani ya saa 2. Maji ya joto hilo ndiyo pia yanayobandua chembechembe za plastiki: watafiti wa Trinity College, Dublin, walionyesha mwaka 2020 kwamba chupa za plastiki aina ya polipropilini hutoa mamilioni ya chembe hizo katika kila lita, na idadi hupanda kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto. Mwenye chupa ya plastiki anaweza kuchanganya maziwa kwenye bilauri ya kioo, kisha ayamimine kwenye chupa yakishapoa.

Vipimo navyo nilivihakiki kwa bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa. Mabomba sita ya maji yalifika sawasawa kwenye mstari wa 60 wa chupa ya kioo. Kwenye ile ya zamani yalifika kwenye mstari wa 70, maana yake anayejaza maji hadi 60 na kuweka vijiko vya unga kwa kipimo hicho angempa mtoto maziwa mazito kuliko inavyotakiwa, jambo linaloweza kumpunguzia maji mwilini.

Ubaya wa kioo ni uzito, na kuvunjika. Moja ilianguka kwenye vigae mwezi wa pili, na tulifagia sebule mara tatu kabla ya kumweka mtoto chini. Usiitoe chupa kwenye friji ukaitumbukiza moja kwa moja kwenye maji ya moto, itapasuka. Sisi huiacha mezani dakika chache, kisha inawekwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, inazungushwa taratibu ili mafuta yaliyojitenga yachanganyike, na tone moja linaonjwa kwa ngozi ya ndani ya mkono. Maikrowevu hatuigusi, kwa kuwa hupasha joto visivyo sawa, na chupa iliyo vuguvugu kwa nje inaweza kuwa na maziwa yanayounguza ndani. Maziwa ya mama hukaa saa 4 nje ya friji, lakini kwa joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam ni nadra kupata joto hilo. Umeme ukikatika yanahamia kwenye deli lenye barafu.

Je, kila mama anunue? Hapana. Nyumba ambayo maji ni ya kubeba na kuni au mkaa ni wa kupimwa, kuchemsha chupa tatu kila siku kutashindikana, na hapo kikombe kidogo kisicho na mdomo wa kunyonyea wala kona ni salama kuliko chupa yoyote, kwa sababu huoshwa kikamilifu kwa maji moto na sabuni. Wauguzi wa kliniki hukipendekeza, na hata mtoto mchanga hukiweza akiketishwa wima na maziwa yakifikishwa mdomoni, ayalambe mwenyewe bila kumiminiwa.

Kwa mwenye friji, jiko la gesi na safari kama yangu, chupa hii naipa alama 8 kwa 10. Mbili nimezikata kwa sababu ya uzito na ile karatasi isiyoeleza pete ikazwe kiasi gani. Neema ametimiza miezi saba na ameanza uji, nasi tumeanza kumpa maziwa ya mchana kwa kikombe. Chupa mbili zilizobaki naziosha sasa nimpelekee wifi yangu, anayerudi kazini mwezi ujao, nazo zitakwenda na chuchu mpya, kwa kuwa za kwanza zimeshaanza kunata na kufifia.